Ukuta Unaonenepa

Mara ya kwanza Klara alilaumu tepu. Jumatatu alikuwa amepima sakristia ya kanisa la Mwalugesha, kile chumba cha nyuma ya altare wanamovalia mapadri, akapata upana wa mita nne na sentimita kumi na mbili. Jumanne asubuhi, alipokuwa akihakiki kabla ya kuanza kuchora, tepu ileile ikampa mita tatu na themanini. Akaibana vizuri kwenye kona, akapiga goti kuisoma. Tatu na themanini. Akapanda pikipiki hadi Masumbwe kununua tepu nyingine, akarudi jua limeshapanda, vumbi limemjaa hadi kwenye kope, akapata tatu na sabini na nne.

Nje, ukuta ulikuwa palepale. Aliupima mara tatu na mara zote tatu kipimo kilikuwa kile cha Jumatatu. Maana yake ilikuwa moja tu, na Klara, aliyechora ramani za majengo miaka tisa katika ofisi ya watu huko Kahama kabla ya kuanza kujitegemea, hakuwa tayari kuiandika popote. Ukuta ulikuwa unanenepa kwa ndani.

Kanisa lenyewe ni zuri, hilo hata mtu mwenye hasira hawezi kulikana. Lilijengwa enzi za wakoloni kwa matofali ya kuchoma, mekundu mpaka leo, likiwa na matao saba kila upande, mnara wa kengele, dari ya mbao za mninga na madirisha ya vioo vya rangi ambavyo, kwa jinsi wazee wanavyosimulia, vilibebwa vichwani kutoka ziwani. Kamati ya parokia ilikuwa imeamua kwamba uzuri huo usiishie kwa waumini peke yao. Jumamosi wangekuja wageni wa utalii kutoka mkoani kulikagua, na kamati ilitaka getini pawe na bango kubwa lenye ramani ya jengo na historia yake kwa ufupi. Ndiyo kazi aliyopewa Klara, kazi yake ya kwanza akiwa bosi wa nafsi yake.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mwalimu Mwigulu, mstaafu mwenye kauli laini na shati lililopigwa pasi hata siku za kazi. Klara alimweleza Jumanne jioni. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, kisha akashauri kwa upole, upole ule unaomfanya mtu atamani kutukanwa tu yaishe, kwamba pengine angetafuta mwanamume wa kumshikia tepu upande wa pili. Klara akamwomba waende wote akaone. Walikwenda, Mwalimu akasimama mlangoni, akatazama makabati ya mavazi, meza na kigoda, akasema sakristia siku zote ilikuwa finyu. Ameingia kanisa hilo tangu anabatizwa. Ubishe nini na mtu wa namna hiyo?

Lakini kilichomkosesha Klara usingizi hakikuwa bango. Ni kile kigoda. Kilikuwa cha baba yake, Mzee Donatus, mtunza kanisa kwa miaka thelathini na minne. Kila siku saa sita mchana mzee aligonga kengele ya Malaika wa Bwana, akasali, kisha akaingia sakristia, akafunga mlango na kukaa humo peke yake mpaka jua la utosi lipungue. Akina mama wa maua, wale wanaopamba altare, hawakuthubutu kuingia humo saa hizo. Walisema kuna majini, na wakalisema hilo kama watu wanavyosema kuna panya, bila kushangaa. Klara alikua akiwasikia na hakuwahi kujali. Sasa alijali.

Jumatano alichora mstari wa penseli sakafuni, shibiri moja kutoka ukutani, akaketi kwenye benchi la mbele kanisani, mlango wa sakristia ukiwa wazi, akasubiri. Kengele ikalia. Baba yake akashuka kutoka mnarani, akapita, akamwambia aende kula. Klara akakataa, naye mzee akaingia na kukaa kwenye kigoda chake bila kufunga mlango, kwa kuwa hakutaka ugomvi. Kwa muda hapakuwa na kitu. Kisha ikaja harufu ya udongo mbichi, na nyuma yake moshi wa tanuru, ule mzito wa kuni mbichi unaokaa kooni. Halafu ndani ya ukuta, chini kabisa, kitu kikaanza kukwangua, kikanyamaza, kikagonga mara mbili, kikakwangua tena, na Klara, ambaye alikuwa amesimama kwenye maeneo ya ujenzi nusu ya maisha yake, akaijua sauti ile kabla hajataka kuijua, kwamba ni mwiko wa fundi unaotandaza udongo, na mpini wa mwiko unaogonga tofali likae sawa, na mwiko tena, taratibu, bila haraka, kama kazi ya watu wenye siku nyingi, na alipoinuka akaingia na kuinama kuutazama mstari wake wa penseli hakuuona, kwa sababu ukuta mweupe, wenye rangi ileile na ufa uleule wa jana, ulikuwa umeshaupita. Alimshika baba yake mkono akamtoa nje kwa nguvu. Kipimo cha jioni kilikuwa mita mbili na arobaini.

Alhamisi asubuhi, nyumbani kwa mzee, walikuwa wakinywa chai kwa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Klara alikuwa na siku nzima ya maneno kooni.

"Baba, ule ukuta unakuja," alisema kwa sauti ya chini.

"Najua, mayu." Ndivyo alivyomwita siku zote, mama kwa Kisukuma. "Nimewasikia tangu walipoimwaga togwa."

Ikabidi aeleze, na alieleza akitazama kikombe. Enzi hizo kazi kubwa ilifanywa na kikundi cha vijana chini ya kiongozi wao, nsumba ntale. Yeye ndiye aliyewaita, na hakuna aliyetoka kazini mpaka yeye awaachie, mmoja mmoja, kwa jina. Padri alipotaka matofali, kiongozi alikuwa babu yake Donatus. Tanuru likaporomoka saa sita mchana na kuwafunika vijana kumi na tisa. Babu akakimbilia Geita kwenye machimbo ya dhahabu kwa aibu, akafia huko. Kanisa likamalizwa na watu wengine, likabarikiwa, na wale kumi na tisa hakuna aliyewaambia kwamba kazi imekwisha. Mtoto wa yule kiongozi ndiye aliyeanza kuwawekea kata ya togwa kwenye kona ya sakristia kila mchana, kwa kuwa togwa ikiletwa watu hupumzika, na baada yake Donatus akaendelea. Majini ya akina mama wa maua yalikuwa watoto wa watu waliochoka.

Na wiki mbili zilizopita, kamati ilipokuwa ikisafisha kwa ajili ya wageni, Mwalimu Mwigulu aliikuta ile kata. Akasema mambo ya kienyeji hayawezi kukaa wanapopita watalii, akaagiza imwagwe na kona ipakwe rangi. Ukiondoa togwa, alisema mzee, maana yake umewarudisha kazini.

"Basi irudishe," Klara alisema.

"Nimerudisha mara mbili. Wanaisukuma ile kata ukutani mpaka inavunjika. Hawataki tena kupumzika, wanataka kwenda kwao. Mtu wa ukoo wetu awaachie."

"Waachie basi. Mbona umekaa miaka yote hiyo?"

Mzee akakiweka kikombe chini. Kisha akasema kiongozi haondoki kabla ya mtu wake wa mwisho, ila mtu wa mwisho akishaondoka, kiongozi naye hana budi kuondoka. Ndiyo sheria ya kazi. Aliogopa, na hakuona haya kumwambia mwanawe kwamba aliogopa.

Klara alisimama akamwambia hapana. Alimwambia kwa hasira, maana ndiyo iliyokuwa karibu, kwamba yeye si mtoto wa kuachwa kwa ajili ya kosa la mtu aliyekufa kabla hajazaliwa, kwamba atakwenda kwa Mwalimu, kanisa lifungwe, aitwe padri wa jimbo, aitwe mganga, aitwe yeyote, na kwamba mzee asikanyage sakristia mpaka arudi. Akachukua ufunguo wa sakristia uliokuwa umetundikwa msumarini. Mzee hakubisha. Alimwomba tu amalizie chai, na Klara hakuimalizia.

Kwa Mwalimu Mwigulu palikuwa mbali, na alipofika akaambiwa yuko shambani. Alipomkuta shambani ilikuwa karibu saa tano na nusu. Alisalimu shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaambiwa akae, akaulizwa habari za mama zake wadogo wote. Alipoeleza, Mwalimu alitikisa kichwa taratibu. Alisema anamheshimu sana Mzee Donatus, ila uzee nao ni mzigo, na kwamba kanisa haliwezi kufungwa siku mbili kabla ya wageni kwa sababu ya majini na kosa la tepu.

"Sikuombi uamini," Klara alisema. "Nakuomba ufunge mlango mmoja."

"Binti yangu, wewe chora ramani. Sentimita kumi na mbili, kumi na tatu, hizo tutasamehe."

Hapo kengele ya saa sita ikalia. Klara aliisikia ikivuka mashamba, tatu, tatu, tatu, kama kila siku, na baada ya hapo kimya, na katika kimya hicho akakumbuka jinsi baba yake alivyokubali haraka mno, akakumbuka kwamba mtu aliyetunza jengo miaka thelathini na minne hawezi kuwa na ufunguo mmoja, na akaanza kukimbia, viatu akaviacha kwenye matuta ya viazi, akapita kisimani, akapita shuleni ambako watoto walimcheka, akaingia kanisani katikati ya matao saba na saba, na tangu mlangoni kule aliisikia harufu ya moshi wa tanuru imejaa mpaka darini, na sauti ya miko, si mmoja sasa, mingi, ikigonga kwa pamoja nyuma ya mlango wa sakristia uliokuwa umefungwa kwa komeo la ndani.

Alipiga mlango kwa ngumi. Aliingiza ufunguo, ukazunguka bure. Ndani alimsikia baba yake, sauti ikiwa karibu sana na mbao, kama mtu aliyebanwa, akiita kwa Kisukuma jina la mtu, na baada ya jina akisema kazi imekwisha, nenda nyumbani. Mwiko mmoja ukanyamaza. Kitu kikapita kando ya Klara, hewa yenye joto na jasho, na kwenye vigae mbele yake ukaonekana unyayo wa udongo mbichi, na mwingine, na mwingine, ukielekea mlango mkubwa. Baba akaita jina jingine. Klara alipiga kelele, Baba toka, Baba fungua, alilia, alimtukana kwa mara ya kwanza maishani mwake, alimwita kwa majina yote aliyowahi kumwita tangu utotoni, na kila alipovuta pumzi alikuta jina limeshatajwa, na mwiko mmoja umepungua, na hewa imepita, na nyayo zimeongezeka, mpaka ukabaki mwiko mmoja peke yake ukikwangua polepole kama usiotaka, na mzee akaita kwa sauti ndogo, akasema kazi imekwisha, nenda nyumbani, nao ukanyamaza.

Komeo likafunguka lenyewe. Chumba kilikuwa kipana. Mzee Donatus alikuwa ameketi kwenye kigoda, kichwa amekiegemeza ukutani, macho ameyafumba, na mikono yake miwili ilikuwa na udongo mbichi hadi kwenye viwiko.

Zahanati waliandika kwamba amekufa kwa moyo. Walimzika Ijumaa, na Jumamosi wageni wakaja kama ilivyopangwa, wakasifu matao na vioo, wakapiga picha nyingi. Nyayo zilikuwa zimeshapigwa deki kabla ya mazishi.

Wiki iliyofuata Mwalimu Mwigulu alikuja msibani na tepu yake mfukoni. Alitoa pole, pole ya kweli, macho yake yalikuwa mekundu. Kisha akasema amepima sakristia mwenyewe na kipimo cha Jumatatu kilikuwa sahihi tangu mwanzo, kwa hiyo Klara asijilaumu, uchovu humpata kila mtu. Klara hakubishana. Alisema ramani ataimaliza, ila kwa sharti moja, kwamba chini ya jina la padri, bango liandikwe majina ya vijana kumi na tisa waliochoma matofali wakafia kwenye tanuru.

Alikuwa amejiandaa kwa upole ule. Alikuwa ameyapanga maneno yake usiku kucha, makali, ya kumjibu atakapokataa. Lakini Mwalimu Mwigulu alifikiri kidogo, akatoa daftari na kalamu, akafungua ukurasa safi gotini.

"Hilo ni jambo la haki," alisema. "Haya, nitajie."

"Lushinge," alisema Klara. "Bundala. Nkwabi."

Mwalimu aliandika, akasubiri. Klara alifumba macho akarudi mlangoni pale, akasikiliza kwa nguvu zake zote, na jina la nne halikuja; sauti aliyoisikia ikipiga kelele juu ya sauti ya baba yake ilikuwa yake mwenyewe.