Jina la Galgalo Katika Orodha

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule Bishara alikuwa na kazi tatu: kuwafungulia wana-mbuzi, kuteka maji, na kumwosha uso mdogo wake Galgalo. Kazi mbili za kwanza alizifanya bila kuwaza. Ile ya tatu ilikuwa imeanza kumtisha.

Galgalo alikuwa na umri wa miaka mitatu. Tangu Ramadhani iishe, kila alipoamka macho yake yalikuwa yamevimba, yamebaki kama michirizi miwili. Bishara alimkanda kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu mpaka kope zikaachana. Jua lilipopanda, uvimbe ulishuka usoni ukahamia miguuni, na mtoto akaonekana amenona tu. Majirani wa kijiji chao, Minjila, waliompitia mchana walisema, "Mashallah! Maziwa yamemkubali huyu." Mama yake, Mumina, alimfunika mtoto miguu. Yeye na Bishara ndio waliojua kwamba mtoto hali chakula, hachezi, na anakojoa kidogo sana, mkojo wenye povu kama maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi.

Baba yao, Hirbo, hakuwapo nyumbani. Mafuriko makubwa ya mwaka ule mwingine yalikuwa yamewaachia ng'ombe wanne tu, naye alikwenda Bangale kwa ndugu zake kuomba mitamba wa kuanzia upya. Mumina hakujua Kiswahili ila kile cha kuuzia maziwa. Kwa hiyo nje ya nyumba yao, ulimi wa mama ulikuwa Bishara, msichana wa miaka kumi na miwili ambaye hata darasani alijibu kwa sauti ya mbu, na nyumbani mama alizoea kumwambia arudie.

Aliyewaletea habari za daktari alikuwa Mwanaarusi, msichana wa Hewani aliyekaa dawati moja na Bishara. Shangazi yake alikuwa akifua mashuka katika Kliniki ya Rehema, mjini Garsen.

"Yuko daktari wa watoto," alisema Mwanaarusi. "Si wa watu wote, ni wa watoto peke yao. Hutoka Malindi Alhamisi ya kwanza ya mwezi. Lakini humwendei hivi hivi! Jumatatu mtoto apelekwe akaandikwe jina. Wakifika ishirini, kitabu kinafungwa."

"Ishirini tu?"

"Ishirini tu. Na wewe mwenzangu, ukiulizwa hesabu unajificha nyuma ya kitabu. Utaweza kusema na karani?"

Bishara alicheka, lakini maneno yale yalimchoma.

Jumatatu ilipofika, Mumina aliuza maziwa yake kwanza, kisha akamfunga Galgalo mgongoni, yeye na Bishara wakaenda Garsen. Walikuta foleni ndefu. Zamu yao ilipofika ilikuwa saa nane mchana, na uvimbe wa uso wa Galgalo ulikuwa umeshuka wote. Miguu ilikuwa imefunikwa kwa shuka ya mama.

Mezani walikaa wawili: Sista Nyevu aliyeuliza maswali, na karani Johnson aliyeshika kalamu.

"Karibu, mama. Hamjambo?" aliuliza Sista.

Bishara alifasiri. Mumina alijibu kwa utulivu, "Nagaa." Maana yake ni amani.

"Nyumbani wote wazima?"

"Nagaa."

"Na huyu mtoto, anaendeleaje?"

"Nagaa."

Kwa wafugaji wa Kiorma salamu haina haraka. Mtu huulizwa ng'ombe, huulizwa mvua, huulizwa watoto, na yote huyajibu kwa amani, hata kama ametoka kuzika asubuhi hiyo. Watu wakishatulia ndipo habari mbaya hutolewa, polepole. Anayetanguliza shida hana adabu, tena ni kama ameikaribisha. Mumina alikuwa akingoja salamu ziishe ili aeleze. Bishara alilijua hilo. Alijua pia kwamba Sista halijui.

"Anasema hajambo," alisema Bishara kwa sauti yake ya mbu.

Karani Johnson aliinua kichwa akamtazama Galgalo. "Hajambo kweli kweli! Mtoto mnene kama mbunge! Huyu anatafuta daktari ama mtu wa kupigana naye mieleka?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Hata Sista Nyevu alitabasamu. Alimweka mtoto kwenye mizani. "Uzito wake mzuri. Ana homa? Anaharisha? Anakohoa?"

"Hapana, Sista," alijibu Bishara, na katika hayo matatu alisema kweli.

"Basi, mwanangu, wapisheni wenye wagonjwa. Nafasi zimebaki mbili."

Maneno yalimfika Bishara kooni: macho, asubuhi, miguu, mkojo. Lakini aseme habari za mkojo mbele ya watu wote hawa, nao bado wanacheka? Uso ulimwaka moto. Alimshika mama yake mkono wakatoka.

"Mbona tumeondoka?" aliuliza Mumina walipofika nje. "Bado sijasema habari yenyewe."

Bishara aliangalia chini. "Wamemwandika, mama. Wamesema tumlete Alhamisi."

Uongo ule ulitoka kwa urahisi, kama mtu anavyotema kokwa. Mumina alimshukuru Mungu njia nzima, na kila shukrani ilimwangukia Bishara kama jiwe.

Jumanne alijiambia kwamba atarudi peke yake baada ya shule kueleza. Hakwenda. Jumatano, tumbo la Galgalo lilijaa likang'aa, na mtoto akashindwa kusimama. Alilala ubavu, akipumua kwa shida, akimtazama dada yake kwa jicho moja lililofunguka nusu. "Kesho daktari atamwona," Mumina aliwaambia majirani, nao wakaitikia, "Inshallah." Bishara alitoka nje. Alitamani baba awepo. Alitamani mtu yeyote awepo anayeweza kusema, lakini mtu huyo alikuwa yeye.

Alhamisi walifika mapema. Jina baada ya jina liliitwa, na mama baada ya mama akaingia na mwanawe. Kila mlango ulipofunguka, Mumina alijiinua kidogo kisha akakaa tena. Jina la ishirini lilipoitwa, Johnson alifunga kitabu chake.

"Muulize sisi tunaitwa lini," alisema Mumina.

Bishara alisogea mezani. "Karani, nafasi haipo tena? Hata moja?"

"Imekwisha, binti. Na si kwa ubaya wangu. Gari la daktari lazima liondoke na msafara wa polisi saa tisa, njia si salama, na likiachwa haliruhusiwi kwenda peke yake. Jaribuni mwezi ujao. Ila masika yakianza, barabara hii mnaijua wenyewe."

Bishara alirudi kwa mama yake. "Mama," alisema kwa Kiorma, "hawakumwandika. Siku ile nilikudanganya. Walinicheka, nikaona haya, nikashindwa kusema."

Alingoja kofi. Kofi halikuja. Mumina alimtazama mtoto mapajani, akamtazama Bishara, kisha akamtazama mtoto tena. "Sasa nimpeleke wapi?" aliuliza, na hakuwa akimuuliza mtu yeyote. Mabega yake yalishuka. Bishara hakuwahi kumwona mama yake akikosa la kufanya. Hata maji ya mafuriko yalipoingia ndani ya nyumba, mama alijua cha kushika kwanza.

Walikaa vile vile mpaka baraza likabaki tupu. Dereva alipiga honi nje. Mlango ukafunguka, akatoka mwanamke mfupi mwenye mtandio na mkoba mkubwa. Alikuwa Daktari Swaleha. Sista Nyevu alimfuata nyuma.

"Hamjambo, mama?" alisalimu daktari akipita.

"Nagaa," alijibu Mumina, machozi yakimtoka.

Daktari alikuwa amewapita hatua mbili. Bishara alisimama. Hakusalimu.

"Daktari, mtoto ni mgonjwa!"

Sauti ilikuwa kubwa kuliko alivyokusudia. Mumina, kwa mazoea, alimvuta nguo kumwonya kwamba amekosa adabu, lakini Bishara hakunyamaza. "Akiamka macho hayafunguki. Mchana uvimbe unashuka miguuni, watu wanafikiri amenona. Ni tangu Ramadhani ilipokwisha. Hali chakula. Anakojoa kidogo sana, na mkojo una povu. Na jana tumbo limejaa. Jumatatu nilisema hajambo. Hakuwa hajambo."

Daktari aliweka mkoba chini. Alipiga magoti mbele ya Galgalo, akafunua shuka, akabonyeza mguu kwa kidole gumba akahesabu mpaka tano. Alipoondoa kidole, shimo lilibaki pale pale, kama alama kwenye udongo mbichi.

"Nyevu," alisema, "mwambie dereva angoje."

"Daktari, msafara..."

"Wangoje kidogo. Wakienda, nitalala Garsen."

Mkojo wa Galgalo, ule mchache uliopatikana, ulitiwa katika kichupa cha kioo ukapashwa moto. Ukageuka mweupe mzito kama ute wa yai la kuchemsha. Daktari alimwonyesha Mumina, akazungumza taratibu ili Bishara aweze kufasiri.

"Huyu hakunona, mama. Amejaa maji. Figo zake zinavuja nguvu ya chakula, na maji yanabaki mwilini. Ugonjwa huu una dawa, lakini dawa hunywewa kila siku bila kukosa, na chakula chake kisitiwe chumvi. Atalala hapa hapa, Sista amwangalie. Mngengoja mwezi mwingine, sijui ningewaambia nini."

Mumina alisema jambo kwa sauti ndogo. "Anasema hakuwa na nia ya kuficha," alifasiri Bishara.

"Najua. Hukuficha, mama, ulisalimu. Na salamu ya amani ni nzuri, usiiache. Lakini kitabu cha karani hakijui desturi. Ukifika kwa daktari, ugonjwa utangulie, amani itafuata."

Sista Nyevu alikuwa ameinama, akiitazama ile alama mguuni. "Na mimi nilimpima uzito," alisema, "nisimpime mguu." Johnson hakufanya mzaha. Alifungua kitabu chake, na chini ya jina la ishirini akaandika: Galgalo Hirbo.

Siku ya kwanza dawa haikuonyesha kitu. Wala ya pili, wala ya tano. Bishara alikuja kila alasiri kutoka shuleni na kukuta macho yale yale, tumbo lile lile. Sista alisema wavumilie. Mumina hakuwa na la kufanya ila kuvumilia.

Siku ya tisa, Bishara alipokaribia kliniki, alisikia makelele. Alikimbia. Ndani alimkuta Sista Nyevu akipiga makofi, na Galgalo amekaa katikati ya kitanda, amekunja uso kwa haya, maana alikuwa ameilowesha shuka yote mpaka maji yakadondoka sakafuni.

"Kojoa, baba, kojoa!" alisema Sista akicheka. "Shuka ziko nyingi!"

Hadi jioni ile alilowesha shuka nne. Kesho yake vifundo vya miguu vilionekana, na Galgalo akaomba maziwa.

Bishara na mama yake waliziosha shuka zile wenyewe, nyuma ya kliniki, ili yule shangazi wa Mwanaarusi apumzike. Walishika shuka moja, kila mtu upande wake, wakaikamua.

"Bishara," alisema Mumina, "kucheka kwao kulikuwa kwa dakika moja. Uongo wako ulikula siku tatu za mwanangu. Usisahau hilo."

"Sitasahau, mama."

"Lakini mlango ulipokuwa unafungwa, ulisema. Uliposema kweli mbele yangu, kisha mbele ya daktari, ndugu yako alipata njia. Haya ni kitu kizuri kwa msichana. Ila mwenye mgonjwa hasemi kwa ajili yake mwenyewe, anasema kwa ajili ya asiyeweza kusema. Hapo haya iwekwe kando, mwanangu, na ukweli usemwe wote, kwa sauti ya kusikika."

Bishara aliitikia, na safari hii mama yake hakumwambia arudie. Wakaikung'uta shuka, wakaianika juani.