Pikapu Iliyogonga Bila Injini

Pikapu ya Orest Pawluk iligonga ikiwa imezimwa. Betri yake ilikuwa juu ya meza, na bado chini ya gari ilitoka sauti ya chuma kwa chuma: ko, ko, ko, kimya, ko, ko, ko.

"Chuma kinapoa hicho," alisema Orest, ingawa gari lilikuwa halijawashwa tangu Jumatano.

Ilikuwa Jumamosi ya Februari mjini Yorkton, kwenye nyika za ngano za kaskazini, baridi ya kupasua mawe, na gereji ya nyuma ya nyumba, yenye hita yake moja, ilikuwa na watu wake wa kila Jumamosi. Orest alikuwa karani mstaafu wa ghala la ngano. Garnet Moser aliuza bima. Lyle Fedorchuk alikuwa mkulima aliyeuza shamba lake karibu na Canora akahamia mjini. Hakuna hata mmoja aliyewahi kulipwa kwa kutengeneza gari, na aliyewahi kupanda magari yao alielewa sababu. Lakini kushauri walishauri. Mtu wa mbali akiuliza mtandaoni kwa nini gari lake linatoa moshi, hawa watatu walimjibu kabla swali halijapoa, kila mmoja na jibu lake, wote kwa uhakika.

Ibada yao kuu ilikuwa kusikiliza. Fundi huchukua bisibisi ndefu, huweka ncha kwenye injini na mpini sikioni, na chuma humletea siri ya ndani. Fundi wa kweli humaliza upesi. Hawa waliweza kusimama hivyo mchana kutwa, macho wameyafumba, kama maaskofu.

"Konrodi," alisema Lyle.

"Konrodi wapi, mzee! Tapeti hiyo. Sikio lako limejaa nta."

"Na lako limejaa bima."

Wakabadilisha tapeti. Ikagonga. Wakabadilisha pampu ya oili. Ikagonga. Mwishowe waling'oa injini nzima, wakaining'iniza kwenye winchi pembeni, na chini ya boneti pakabaki shimo ambamo ndama angeweza kulala.

Ko, ko, ko.

Mwenye akili angekimbia. Garnet alikuna kidevu. "Basi ni giaboksi."

Darlene, mke wa Orest, aliingia na birika la kahawa, akasimama mlangoni. "Kunanuka nini humu?"

"Oili, mke wangu."

"Oili naijua. Hii ni sufu iliyolowa. Na pumzi ya mtu."

Wote walijua pikapu ilikotoka. Orest aliinunua mnadani, katika mali ya marehemu Metro Sawchyn. Alibatizwa Dmytro, lakini katika mashamba yale kila Dmytro huitwa Metro. Jeki ilishuka akiwa chini ya gari hilo hilo, na ekseli ikamkalia kifuani.

"Lyle," alisema Darlene kwa sauti ya chini, "shamba lako lilipakana na lake. Siku ile ulisikia nini?"

"Nyundo, shemeji. Mchana kutwa. Nikamwambia mke wangu, Metro beringi zake zimekwisha." Lyle alipuliza kahawa yake. "Kumbe nilikosea. Haikuwa nyundo. Walimkuta na spana mkononi."

"Hukwenda kumwangalia?"

"Mtu akiwa gerejini kwake humsumbui. Tena kulikuwa na baridi."

Darlene alimtazama kama mtu anavyotazama kohozi sakafuni.

Orest alikuwa ameshapandisha gari kwa jeki. Stendi za chuma, ambazo ndizo za kulishikilia gari lisianguke, zilikuwa zimeegemea ukuta, bado zina karatasi ya dukani.

"Weka stendi, Orest," alisema Darlene.

"Nasikiliza kidogo tu, natoka." Akajiburuta chini na bisibisi yake.

Ndipo kugonga kulipoongeza kasi, na taa ya mkono iliyokuwa chini ya gari ikafifia ikawa rangi ya ganda la kitunguu, na ile harufu ya sufu iliyolowa ikapanda kutoka sakafuni, na Darlene akauona mpini wa jeki, ambao hakuna aliyeugusa, ukijizungusha polepole kuelekea upande wa kuteremsha, na gari likaanza kushuka, bila kishindo, kwa utulivu kama mtu mnene anayeketi, huku Garnet na Lyle wamesimama kando yake, bisibisi masikioni, macho wameyafumba, wakibishana kama sauti ile ni ya meno ya gia au ya shafti.

"Darlene." Sauti ya Orest ilikuwa nyembamba. "Kuna mtu kanishika mkono."

"Toka!"

"Haniachii."

Darlene aliachia birika, akanyakua stendi, akazisukuma chini ya fremu moja huku na moja huku. Gari lilizikalia, chuma kikalia. Bado kuligongwa. Akalala kifudifudi juu ya saruji ya baridi, akatazama. Mkono wa koti la mumewe ulikuwa umeshikwa na glavu ya sufu iliyotoboka, na katika tundu kidole kilikuwa cha buluu, nacho kilishika kama anavyoshika mtu anayezama.

"Bwana Dmytro Sawchyn," alinong'ona. "Tumekusikia. Tumekuja."

Vidole vikafunguka kimoja kimoja. Kukatoka pumzi ndefu, ya mtu aliyeondolewa mzigo kifuani, na harufu ikakatika.

Alimvuta mumewe kwa buti. Orest alikuwa mweupe kama unga, meno yakimgongana.

Lyle alifumbua macho. "Imenyamaza. Si nilisema ni shafti?"

"Sili ya jeki imekwisha, inavujisha oili," alisema Garnet. "Huo ndio ugonjwa wote."

"Hapana," alisema Orest kutoka sakafuni. "Stendi zimeinyoosha fremu. Lazima niwaandikie watu jambo hili."

Darlene aliokota birika, akajifuta magoti.

"Yule ameondoka," alisema. "Ninyi ndio sijui mtatolewa humu na nani."

Kisha akazima hita.