Doa Jekundu kwenye Adapta

Kila siku nikitoka shule nilipitia mlango wa nyuma, nikavua sare, nikanawa mikono, kisha nikaingia kwenye chumba cha mbele ambacho mama alikigeuza karakana. Mama yangu ni fundi wa vifaa vya umeme. Meza yake haikosi redio zilizofunguliwa matumbo, chaja zilizokufa na runinga zilizogoma. Mimi aliniita Mchwa tangu nikiwa mdogo, kwa sababu nikiachwa na kitu dakika kumi unakikuta vipande vipande. Nilipofika darasa la saba nilikuwa najua pia kuviunga, na hapo ndipo kichwa kilipoanza kunivimba.

Mama alikuwa na utaratibu wake. Akimaliza kutengeneza adapta aliipima kwa mita, lakini hakuishia hapo. Alisema mita inakuambia umeme upo, haikuambii kama ni safi. Umeme wa ukutani hupanda na kushuka mara nyingi kwa sekunde moja, na ndani ya adapta kuna kikopo kidogo kiitwacho kapasita, ambacho kazi yake ni kuutuliza. Kikopo hicho kikichoka, umeme hutoka ukitetemeka, nacho kifaa kinachoutumia hutetemeka nao. Kwa hiyo kila adapta ilipaswa kulisha redio moja kuukuu tuliyoiita Mzee. Umeme ukiwa mchafu, Mzee alinguruma. Ukiwa safi, alinyamaza kimya, na mama akasema, "Mzee amekubali." Hapo tu ndipo alipochukua kichupa cha rangi ya kucha na kuweka doa jekundu kwenye adapta. Mtaa mzima ulilijua doa lile.

Wiki moja babu alizidiwa, mama akaenda kumuuguza kwa siku tatu. Aliniacha na mama mdogo, yaani mdogo wake wa mwisho, aliyekuwa akiishi nasi na ambaye ujauzito wake ulikuwa umefika mwezi wa nane. Agizo lilikuwa jepesi: nipokee vitu vya watu, nisitengeneze chochote.

Siku ileile mkunga wa zahanati alileta adapta ya mashine ya kusikilizia moyo wa mtoto aliye tumboni. Betri ya mashine ilikufa zamani, kwa hiyo bila adapta haikuwaka. Aliuliza mama atarudi lini. Ningemjibu hivyo alivyouliza, mambo yangeishia hapo. Lakini mdomo wangu ulinitangulia, nikamwambia aje kuichukua kesho asubuhi kabla sijaenda shule. Akaniuliza kama naiweza kweli. Nikamjibu kwamba siku hizi nyingi nazitengeneza mimi. Akacheka, akasema basi mtaa una bahati ya kuwa na mafundi wawili, nami nikavimba kama andazi.

Nilipoifungua niliona kasoro mara moja. Kapasita ilikuwa imetuna juu. Nikapekua kisanduku cha mama, sikupata ya ukubwa ule. Nikang'oa nyingine kwenye runinga mbovu, ndogo zaidi na iliyochoka, nikaichomea mahali pake. Mita ilisoma vizuri kabisa. Nikamuunganisha Mzee, naye akanguruma.

Haukuwa mngurumo mkubwa. Nilikaa nikiusikiliza, huku nikiwaza jinsi nitakavyomtazama mkunga usoni na kumwambia nimeshindwa. Halafu nikafanya jambo ambalo mpaka leo linanitia aibu. Nilipunguza sauti ya redio mpaka sikusikia kitu, nikajisemea Mzee amekubali, nikachukua kichupa cha mama na kuweka doa.

Asubuhi mkunga alikuja akaichukua, na siku hiyohiyo, baada ya shule, nilimsindikiza mama mdogo zahanati. Tangu jana yake mtoto hakuwa akicheza tumboni kama kawaida. Tuliingia kwenye chumba chembamba chenye kitanda cha chuma na pazia lililofifia. Mkunga alimpaka mama mdogo dawa ya kuteleza tumboni, akawasha mashine. Spika ikatoa mlio, na chini ya mlio huo nikausikia ule mngurumo. Ulikuwa uleule. Tarakimu kwenye kioo ziliruka huku na huku, kisha zikatulia kwenye mia moja na arobaini.

"Mapigo mazuri," mkunga alisema. "Inakwaruza kidogo, lakini namba ni nzuri. Mtoto amepumzika tu."

Mama mdogo akashusha pumzi. Mimi niliitazama adapta ukutani na lile doa langu. Nilijua kwamba mashine ile huenda ilikuwa inahesabu mtetemo wa umeme, si moyo wa mtoto. Nilijua, nikanyamaza. Nilimsaidia kuvaa viatu, tukatoka.

Tulipofika getini alinishika bega. "Nilikuwa na wasiwasi tangu jana," akasema. "Lakini nilipoona doa la dada, nikatulia."

Nikasimama palepale. Nikamwambia kwamba doa lile si la dada yake, ni langu, na kwamba Mzee alikataa nikamzima sauti. Nilikuwa nalia, na maneno yalitoka yakiwa yamevurugika, lakini alinielewa. Hakunigombeza. Aligeuka akarudi ndani, mkono mmoja tumboni, akitembea haraka kuliko mtu wa hali yake anavyopaswa kutembea.

Mkunga alinisikiliza bila kunikatiza. Aliichomoa adapta, akafungua droo na kutoa kipembe cha mbao cha kusikilizia, kile cha zamani. Akaweka sikio, akatazama saa yake. Alihesabu. Akahesabu tena. Uso wake ulibadilika, na kwa sauti ya chini akamwambia muuguzi aliyekuwa nje aite gari la wagonjwa sasa hivi.

Moyo wa mtoto ulikuwa unapiga polepole mno. Hospitalini walimpasua mama mdogo jioni ileile. Mtoto alitoka hai, wa kike, lakini hakulia, na alikaa siku tisa kwenye kisanduku cha joto akiwa na mipira ya hewa puani. Daktari alisema wazi kwamba hawezi kuahidi lolote. Siku hizo zote mama mdogo hakunisemesha, na sikuwa na haki ya kumlaumu.

Mama alikuwa amerudi asubuhi iliyofuata upasuaji. Nilitarajia fimbo. Badala yake alinipeleka zahanati, ambako mkunga alikuwa ameandika majina ya wanawake wengine watano waliopimwa kwa mashine ile siku hiyo kabla ya mama mdogo. Tulizunguka nyumba zote tano, mkunga na kipembe chake, mama, na mimi.

"Utasema mwenyewe," mama aliniambia kwenye mlango wa kwanza. "Mimi sitakusemea."

Nikasema. Mara tano. Wanne walisikiliza wakiwa wameshika matumbo yao, na macho yao sitayasahau. Wa tano, mfua nguo anayeishi mwisho wa mtaa, aliruhusu mkunga apite, nami akanifungia mlango. Nilisimama nje kwenye jua mpaka mkunga akatoka na kuitikia kwa kichwa kwamba mtoto wa huyu naye ni mzima, kama wale wengine. Mama aliketi kwenye jiwe akafunika uso. Ndiyo mara pekee niliyomwona akilia.

Siku ya kumi mtoto aliondolewa mipira. Aliishi. Alichelewa kukaa, akachelewa kutembea, na mkono wake wa kushoto hauna nguvu kama wa kulia. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ni kwa sababu yangu, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba siyo.

Siku mtoto alipotoka hospitalini, mama aliiweka ile adapta mezani. Alikuwa amepata kapasita inayofaa. Alinitaka niichomee mwenyewe, kisha akamuunganisha Mzee na kuongeza sauti mpaka mwisho. Hakukuwa na mngurumo.

"Kushindwa kutengeneza si kosa, Mchwa," alisema. "Hata mimi nashindwa, na mteja anarudi nyumbani akijua hivyo. Kosa lako ni kwamba uliambiwa ukweli, ukauzima sauti. Watu hawaliamini lile doa kwa kuwa mimi ni hodari. Wanaliamini kwa kuwa sijawahi kuliweka mahali ambapo Mzee amekataa."

Aliweka doa, kisha akakipandisha kichupa juu ya kabati nisikokufikia. Akasema kitakaa pale mpaka siku nitakayomwambia nimeshindwa bila yeye kuniuliza.

Zilipita wiki sita. Nilikuwa natengeneza chaja ya jirani, peke yangu, mama akiwa jikoni. Mita ilisoma vizuri. Nikaongeza sauti ya Mzee, nikainamisha sikio. Ulikuwa mngurumo mdogo sana, ambao mtu mwingine asingeusikia. Nikaenda mpaka mlango wa jikoni.

"Mama," nikasema, "Mzee amekataa. Nimeshindwa."

Alifuta mikono, akavuta kiti, akapanda, akakishusha kichupa na kukiweka mkononi mwangu.

"Haya," akasema. "Tuitafute kasoro wote wawili."