Baridi ya Chumvi

"Amekula keki, huyo. Mimi si mtoto mdogo."

Mama mtu alisema hivyo akiwa kwenye benchi la hospitali, mkoba mapajani, bila hata kupunguza sauti. Nyuma ya pazia alilazwa mchumba wa mwanawe, dripu mkononi. Binti alikuja ukweni kujitambulisha tu, mara sukari ikampanda, akatapika mpaka akaishiwa nguvu.

"Mama, hajala," alisema mwanawe.

"Umejuaje? Dawa anajichoma, na sukari bado inapanda. Basi anakula kwa kujificha. Njia ya mwongo ni fupi, baba."

Mwanawe akanyamaza. Hilo lilikuwa kosa lake la tatu, na la kwanza alilifanya kwenye boksi la dawa.

Jamaa huyo anauza aiskrimu, ndiyo maana mtaani wanamwita Koni. Chupa zake za maji ya chumvi anazitengeneza mwenyewe. Anakoroga chumvi mpaka iyeyuke yote, anaacha nafasi shingoni chupa zisije zikapasuka kwenye friza ya kazini, kisha anaziandika kwa wino mkubwa: SI YA KUNYWA. Zikishaganda anazishika kwa kitambaa, maana baridi yake inaunguza. Zinapoa kuliko barafu ya maji matupu, na aiskrimu yake hufika jioni ikiwa ngumu vilevile. Sasa mchumba wake, fundi cherehani anayeishi na kisukari, alipouliza insulini itakaaje nyumbani kwa mama ambako hakuna friji, Koni alicheka. Yaani yeye ndiye wa kuulizwa habari za baridi? Akampangia boksi lake la aiskrimu kwa mapenzi yote, chupa ya dawa katikati, imebanwa na zile za chumvi kila upande. Hakuizungushia hata taulo.

Asubuhi alipofungua akaikuta dawa imeganda. Aliishika kiganjani mpaka ikayeyuka, akaifuta, akampelekea mwenyewe na kumwambia iko sawa. Alikuwa amejigamba mno, sasa angeanzia wapi?

Pale kwenye benchi simu yake ikatetemeka. Ujumbe ulitoka nyuma ya pazia.

"Namsikia mama. Sijala kitu, nakuapia. Wewe unaniamini?"

Koni akaandika: "Nakuamini."

Jibu likaja palepale: "Asante. Hilo tu linanitosha."

Alilisoma akajiona mtu wa hovyo kabisa. Nesi alipotoka kuuliza dawa ilihifadhiwa vipi, mama aliwahi kujibu kwa majivuno kwamba mwanawe ndiye bingwa wa baridi. Koni akamvuta nesi pembeni na kumuuliza, kwa sauti ya chini, kama insulini ikiganda halafu ikayeyuka inafaa tena.

"Wewe unafanya kazi gani?" nesi akauliza.

"Nauza aiskrimu."

"Ikiyeyuka ukaigandisha tena, inakuwa ileile?"

"Hapana. Inakuwa na chengachenga."

"Basi na hiyo imeharibika, hata kama kwa macho iko safi. Hiyo ni ya kutupa."

Koni alisogeza pazia, akakaa ukingoni mwa kitanda. Machozi yalimtangulia.

"Ni mimi," alisema. "Dawa iliganda. Nikaiyeyusha, nikakupa."

Binti alimtazama kwanza. "Uliiona ikiwa imeganda?"

"Niliiona."

"Kabla sijajichoma?"

"Kabla."

"Kuganda ningekusamehe, ni bahati mbaya. Lakini nimekuuliza kama unaniamini, ukasema unaniamini."

"Na ni kweli nakuami..."

"Wewe ulikuwa unajua. Mtu anayejua ataamini nini tena? Mama yako ananiita mwongo, na wewe umekaa naye benchi moja."

Koni aliomba msamaha, akaomba tena, na binti akageuzia uso ukutani.

"Mwite mama," alisema. "Mwambie nikiwa nasikia."

Mama aliingia na mkoba wake. Koni akaeleza yote, kuanzia chupa za chumvi hadi kiganja, bila kujipunguzia hata neno. Mama akamgeukia mwanawe.

"Ukaniacha nimtukane mtoto wa watu?"

"Ndiyo, mama."

Mama akainama, akaushika mkono wa binti usiokuwa na dripu.

"Nisamehe, mwanangu. Nimekuonea."

Binti alilia hapo, kilio alichokuwa amekizuia tangu aletwe. Nesi akaingia na cheti cha dawa mpya, akamkabidhi Koni akanunue. Koni alikipokea lakini akasita kwenye pazia.

"Harusi bado ipo?" akauliza.

"Nakupenda," binti alisema, akijifuta macho. "Ila kwa sasa sikuamini. Kalete dawa kwanza."

Koni akaenda. Mama mtu akavuta kiti, akakaa upande wa mkwe wake.