Chupa Isiyooshwa

Kama ningekuwa mtu wa kutunga, ningetunga kitu cha kunipa sifa, si hiki cha kuniumbua. Haya yalimpata mdogo wangu wa tumbo moja, na chanzo ni mkono wangu.

Kazi yangu ni kujaza pafyumu. Mteja anakuja na chupa yake, anachagua harufu, mimi navuta mafuta kwa bomba la sindano, naongeza spiriti, natikisa, kwisha. Siku hizi waridi na yasmini zinakaa mpaka zinapata vumbi. Kila mtu anataka kunukia keki. Vanila, karameli, chokoleti, maziwa yaliyochemshwa na sukari. Nilimwuliza mteja mmoja, "Shoga, unataka kupendwa au kuliwa?" Akacheka mpaka akashika meza. Lakini nawaelewa. Maua yanakwambia nitazame. Harufu tamu inakwambia sogea, umefika nyumbani.

Mwenye duka, mama wa makamo tunayemwita Mama Pua, ana sheria moja asiyoilegeza. Chupa iliyotoka nje lazima ioshwe kwa spiriti, ipinduliwe, ikauke kabisa. "Usimjazie mtu juu ya mabaki ya mtu," husema. Mimi nilidhani ni mambo ya usafi tu.

Mdogo wangu alikuja dukani Jumanne mchana, mgongoni ana mtoto wa miezi mitatu. Mumewe ni dereva wa malori, nyumbani hulala siku za kuhesabu. Walikuwa wamehamia nyumba ya kupanga, na kwenye droo ya kabati la jikoni alikuta chupa ndogo ya kioo, pafyumu imebaki kina cha kidole kimoja.

"Nusa, dada."

Nikanusa. Jamani! Maziwa, sukari iliyoungua kidogo, na kitu cha joto, kama shingo ya mtoto aliyetoka kulala. Mate yalinijaa mdomoni na machozi yakanilengalenga kwa wakati mmoja.

"Tangu nijifungue nanuka matapishi tu," alisema. "Niongezee humuhumu. Usiioshe, ukiosha itapotea."

Mama Pua alikuwa ametoka kwenda kula. Nikachanganya vanila na karameli, nikamimina juu ya yale mabaki. Kosa ni langu, sina wa kumsingizia.

Yule mtoto alikuwa wa kulia mpaka majirani wanagonga ukuta. Wiki ile akatulia tuli. Mdogo wangu akawa ananipigia simu huku anaimba. Wiki ya pili akanipigia kwa sauti ya chini.

"Dada, ulipita leo nikiwa naoga?"

"Sijatoka dukani. Kwani vipi?"

"Nimemkuta mtoto amebadilishwa nepi."

Nikamtania kwamba ni usingizi, mzazi mpya husahau hata jina lake. Hakucheka.

Jumamosi nikaenda. Ilikuwa saa tisa alasiri, jua kali, mlango wazi. Nilipoingia kwenye korido ile harufu ikanipita begani, ikaelekea chumbani, pamoja na nyayo za mtu asiye na viatu. Nikajua ni mdogo wangu.

"We mama, hata salamu?"

Mle chumbani mtu akaanza kubembeleza. Shh. Shh. Shh.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Mdogo wangu akaingia na beseni la nguo, mikono ina povu mpaka kwenye viwiko.

Tukatazamana. Mle ndani bado. Shh. Shh.

Akaachia beseni. Tukakimbia. Chumbani hapakuwa na mtu. Mtoto amelala chali, macho wazi, anatabasamia kitu tusichokiona juu yake. Midomo imelowa maziwa.

"Sijamnyonyesha tangu asubuhi," mdogo wangu alinong'ona.

Tulimfuata mama mwenye nyumba. Akasema mpangaji aliyetangulia alikuwa mwanamke mpole, hana makuu, kila siku akianika nepi kwenye kamba.

"Na mtoto wake?" niliuliza.

"Mwenzangu, hapo ndipo sijui. Huyo mtoto hatukumwona hata siku moja."

Siku ileile nikawahamishia kwangu. Chupa nikaifungia dukani, nikamweleza Mama Pua kila kitu. Nilitamani anifokee. Hakufoka.

"Yule alikuwa anaisha," alisema taratibu. "Wewe ukamwongezea."

Mtoto akakataa ziwa. Tukasema ni ugeni wa nyumba. Akakataa chupa, akakataa kijiko, akatema hata maji. Hospitali walimpima, wakamtundikia dripu, wakasema hawaoni ugonjwa, wakaturudisha nyumbani. Siku ya nne utosi ulikuwa umebonyea na sauti ya kulia imekwisha. Kinywa kilifunguka tu. Mama yake akimweka kifuani, anageuza uso, anatafuta mlango.

"Nirudishie chupa," mdogo wangu alisema.

"Unajua unachoomba?"

"Naomba mwanangu awe hai. Awe wangu, asiwe wangu, awe hai."

Nikaenda kuileta. Mungu anisamehe, nilikwenda mbio. Hakujipulizia. Alimlaza mtoto kitandani kwangu, akapuliza mto wa pembeni mara mbili, akatoka, akafunga mlango. Tukakaa sakafuni kwenye korido, tumeshikana mikono.

Kitanda kikalia. Mtu amekaa.

Tukasikia mtoto anameza. Alimeza kwa pupa, akipumua puani. Mdogo wangu alijiziba mdomo kwa kiganja ili kilio kisitoke, asije akamkatiza.

Hiyo ni miezi mitano iliyopita. Maziwa ya mdogo wangu yalikauka kabla mwezi haujaisha. Ile pafyumu nayo imeisha, na sikuijaza tena, lakini usiku bado tunasikia mtoto anameza. Uji mtoto anautema. Shemeji akirudi safari anamrusha juu, anasifu mwanawe anavyonenepa, na sisi tunacheka naye. Hatujamwambia.

Jana ilikuwa siku ya kliniki. Nilimbeba mimi tangu kulipokucha, maana mama yake siku hizi anaogopa kumshika. Muuguzi alimweka kwenye mizani, akaandika, akatabasamu.

"Hongera, mama. Maziwa yako yana nguvu. Usimwachishe mapema."

Mdogo wangu alitazama sakafu. "Asante," alisema.

Nikamfunga tena mgongoni, tukaondoka kwa miguu. Karibu na nyumbani nilihisi amecheua begani kwangu. Nikapapasa, nikatazama vidole. Maziwa meupe, yana uvuguvugu, hata kuganda hayajaanza. Tangu asubuhi hakuna aliyempa kitu, na njia nzima alikuwa mgongoni mwangu.