Maziwa ya Saa Kumi

Kazini walimwita Desimali. Katika maabara ya kiwanda cha maziwa, wenzake waliridhika kuandika kwamba mafuta ni asilimia tatu na nusu, basi. Yeye alisimama mbele ya mashine mpaka aone tarakimu ya pili baada ya nukta, kisha akapima tena, maana huenda ya kwanza ilikuwa bahati tu. Zamu yake ilianza saa kumi na mbili asubuhi, malori yalipoingia, ikaisha saa nane. Saa tisa alikuwa nyumbani kumpokea mtoto wa dada yake mkubwa, na dada huyo alitoka mbio kwenda duka la dawa alikouza mpaka saa moja jioni. Shemeji alikuwa mtu wa safari. Akiondoka leo, mtamwona baada ya miezi mitatu. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya dada wawili na kichanga cha miezi minne, na ilikwenda vizuri.

Siku mambo yalipoanza, Desimali alikuwa anakunja nepi. Jua la alasiri lilikuwa limefika katikati ya zulia. Mtoto alikuwa amelala chali, anautafuna mguu wake kwa bidii ya mtu aliyelipwa kuumaliza. Mama mdogo akainama kumfuta mate, na tone likaanguka juu ya tumbo la mtoto. Akatazama dari. Dari ilikuwa kavu. Akajitazama. Blauzi yake ilikuwa na doa bichi upande wa kushoto, la mviringo, ukubwa wa kisahani cha chai.

Ilikuwa saa kumi kamili.

Desimali hakuwahi kuzaa. Hakuwahi hata kushika mimba. Alichokuwa nacho kifuani ni mifuko miwili ya silikoni, aliyowekewa na daktari wa upasuaji miezi minane nyuma. Shuleni walikuwa wanamwita Ubao. Chuoni hawakumwita chochote, na hilo liliuma zaidi. Siku alipovaa gauni ambalo halikuhitaji pini wala sponji, alikaa mbele ya kioo mpaka miguu ikafa ganzi. Dada alimtania, "Hivyo vya dukani, vikiharibika wanabadilisha?" Wakacheka mpaka machozi. Aliyapenda matiti yake, na hakuona haya kusema.

Alimpigia daktari.

"Hutokea," daktari alisema. "Mwili hudanganyika baada ya upasuaji. Usiyakamue, yatakata yenyewe."

Hayakukata. Yalikuja kila siku, saa kumi. Si dakika moja kabla, si dakika moja baadaye. Aliandika kwenye daftari dogo, siku kumi na moja mfululizo.

Siku ya kumi na mbili dada alirudi kutoka kazini, akafungua friji na kusimama hapo muda mrefu, mlango wazi.

"We mdogo wangu. Mtoto hajala leo?"

"Amekula. Mbona ameshiba."

"Amekula nini?"

Chupa tatu za maziwa ambayo dada huyakamua asubuhi zilikuwa pale pale alipoziacha, zimejaa.  Desimali alikumbuka kumbadilisha nepi. Alikumbuka saa tisa na nusu. Baada ya hapo alikumbuka mtoto amelala.

Ijumaa walimpeleka kliniki wote wawili.  Maziwa ya dada mwenyewe yalikuwa yamepungua. Mtoto aligeuza uso kila alipomweka kifuani, na chupa alizisukuma kwa mkono. Aliogopa kuambiwa mwanawe anakonda. Muuguzi akamweka kwenye mizani, akaangalia, akamtoa, akamweka tena.

"Hongera mama. Kilo moja na robo kwa wiki tatu. Kibonge huyu, utambeba kwa toroli."

Mama wengine kwenye benchi wakacheka. Dada hakucheka. Walipofika kwenye korido alimshika mdogo wake juu ya kiwiko, akamnong'oneza sikioni.

"Unampa nini mwanangu?"

"Simpi kitu. Nakuapia, dada."

"Mtoto hanenepi kwa hewa."

Mtoto alikuwa begani kwa mama yake. Hakuwa anamtazama mama, wala mama mdogo. Alikuwa anatazama mahali palipo nyuma kidogo ya bega la Desimali, juu kidogo, na alikuwa anatabasamu.

Mtu mwingine angekwenda kuombewa. Desimali alikwenda kupima. Kesho yake, saa kumi, alikinga yale matone kwa kichupa cha sampuli. Kilijaa kabla hajafika chooni. Asubuhi akakiweka katikati ya sampuli za malori, akakipa namba ya lori lisilokuwepo, akajifanya yuko bize na makaratasi. Mwenzake, mwanaume mnene aliyeitwa Profesa kwa sababu ya miwani, ndiye aliyeiwasha mashine.

"Hii imetoka wapi?" Profesa aliuliza.

"Kwani ikoje?"

"Sukari saba nukta sifuri mbili. Protini moja, tena haifiki. Hakuna ng'ombe wa hivi, Desimali." Akavua miwani, akaifuta. "Haya ni maziwa ya mtu. Nani ananifanyia mzaha?"

 Desimali alikuwa anasoma tarakimu ya pili baada ya nukta. Akapima tena. Majibu yakawa yale yale.

Jumatatu aliamua kujilinda. Alijifunga kifua kwa kitambaa kigumu, mizunguko minne, akakikaza kwa pini saba za nepi, mgongoni, mahali ambapo mkono wake mwenyewe ulifika kwa taabu. Akafunga mlango. Akamlaza mtoto kitandani kwake, yeye akakaa kwenye kiti upande wa pili wa chumba, macho kwenye saa. Saa kumi kasoro tano. Kasoro mbili. Kasoro moja. Mtoto aliacha kuchezesha miguu. Akageuza kichwa.

Kisha ilikuwa saa kumi na moja kasoro dakika nane.

Alikuwa kwenye kile kile kiti. Mtoto alikuwa mapajani mwake. Blauzi ilikuwa wazi, kitambaa kimekunjwa pembe nne, na juu ya meza zile pini saba zilikuwa zimepangwa mstari mmoja, kuanzia ndogo mpaka kubwa, zote zimefungwa. Na yeye alikuwa anaimba. Sauti ilikuwa inatoka kinywani mwake, ya chini, wimbo wa kubembeleza asioujua, maneno asiyoyaelewa. Mtoto alikuwa anamtazama usoni kwa furaha ya mtu anayemtazama mtu wake. Tone la maziwa liko kwenye kona ya mdomo.

Desimali akanyamaza katikati ya wimbo. "Mtoto wangu," alinong'ona. "Ni mimi."

Uso wa mtoto ukabadilika. Akamkagua, jicho hili, jicho lile. Kisha akapiga kelele, na akalia mpaka mama yake aliporudi, kama mtoto aliyeachwa kwa mgeni.

Usiku ule alimwambia dada yote. Dada alisikiliza, ameshika kikombe ambacho hakunywa.

"Yatoe," dada alisema.

"Dada..."

"Nimekwambia yatoe. Au uhame."

Asubuhi alipiga simu pale alipopasuliwa. Karani wa masjala alimwomba namba zilizochapwa kwenye kadi yake. Kila mfuko unaowekwa mwilini una namba, na hakuna mifuko miwili duniani yenye namba moja. Desimali akazisoma. Akasikia vidole vikibofya, vikasimama, vikabofya tena polepole.

"Hebu zirudie," karani alisema.

Akarudia.

"Mbona hizi zina jina jingine?" Karani alishusha sauti. "Ya mama mmoja. Aliwekewa miaka mitatu kabla yako."

"Akayatoa?"

"Faili linasema alifariki. Mishipa ya damu, sijui, mimi si daktari. Aliacha mtoto wa miezi mitano." Karani akakohoa. "Pengine mtu alikosea kuandika. Usiseme ni mimi niliyekwambia. Nikupangie lini?"

Nafasi ya karibu ilikuwa wiki tatu mbele. Na hapa lazima isemwe, kwa sababu yeye mwenyewe baadaye hakuficha: alifurahi. Wiki tatu ni nyingi. Huenda kweli ni makosa ya karani. Alisimama mbele ya kioo cha bafuni na gauni lile, akajiambia atampatia dada mlezi wa alasiri, yeye abaki kazini mpaka jioni, na mambo yaishe. Kwa nini arudi kuwa Ubao kwa sababu ya namba? Akanyoosha mkono azime taa. Mkono wa kulia ulikwenda kwenye swichi. Wa kushoto ulipanda wenyewe, taratibu, ukafunika titi, kama mtu anavyofunika kichwa cha mtoto kwenye upepo.

Alizima taa haraka.

Mlezi alipatikana. Siku tatu mambo yalitulia. Siku ya nne Desimali alikuwa maabara, saa tisa na robo, anaosha vichupa, maji ya moto yanamiminika.

Kisha kulikuwa na jua usoni.

Honi. Watu. Sauti ya mtu akiita abiria wa mwisho. Alikuwa amesimama kituo cha mabasi ya mikoani, bado na koti jeupe la kazi. Mtoto alikuwa kifuani kwake, amefungwa kwa khanga, ananyonya. Begi kubwa lilikuwa miguuni. Mkononi alikuwa na tiketi, ya mtu mzima mmoja na mtoto, ya basi ambalo mlango wake ulikuwa wazi mbele yake, na mguu wake wa kulia tayari ulikuwa juu ya ngazi.

"Ingia basi, mama," alisema utingo. "Tunaondoka."

Aliushusha ule mguu. Ilimchukua nguvu zote. Ulikuwa mzito kama wa mtu mwingine.

Alikaa chini, palepale kwenye lami, akampigia dada. Dada alikuja na viatu vyake vya kazini, bila mkoba. Mlezi alikuwa ameshamwambia kwa simu: mama mdogo amekuja, amesema anampeleka kliniki, amecheka vizuri tu. Dada alimfungua mtoto kutoka kwenye khanga. Mtoto alilia akimnyooshea mikono mama mdogo, na dada alimkumbatia hivyo hivyo, anapigwa mateke. Walifungua begi. Nguo zote za mtoto zilikuwamo. Ya Desimali haikuwamo hata moja.

"Kesho," Desimali alisema. "Wakikataa kesho nitayatoa mwenyewe kwa wembe."

Hawakukataa. Daktari alianza kueleza kuhusu ngozi itakavyolegea, kuhusu majuto. Desimali alimkatiza.

"Daktari, haya si yangu."

Daktari alitazama kalamu yake. Hakuuliza ni ya nani.

Alikumbuka taa ya duara, na mtu wa ganzi akimwambia ahesabu kurudi nyuma. Alipofumbua macho kifua kilikuwa bapa chini ya bendeji, na kilimuuma, na maumivu yalikuwa yake mwenyewe. Akalia kidogo kwa ajili ya gauni. Alikuwa na haki hiyo. Muuguzi wa chumba cha upasuaji alikuja kumpima presha.

"Umetusumbua wewe," alisema kwa sauti ndogo, anatabasamu nusu. "Ilibidi tukufunge mikono. Tena unaongea."

"Nilisema nini?"

Muuguzi alifungua mkanda wa presha, akaukunja polepole.

"Ulisema subirini kidogo. Ulisema hajashiba."

Wiki ya kwanza saa kumi ilifika ikapita. Desimali aliiangalia, amelala chali, na bendeji ilibaki kavu. Wiki ya pili vivyo hivyo. Mtoto alishika chupa. Alipungua robo kilo, muuguzi wa kliniki akasema si neno, na jioni moja alimchekea mama yake, akamvuta pua, hakuiachia. Dada alilia mbele ya sufuria, akasingizia kitunguu. Usiku akaja kukaa kwenye ukingo wa kitanda cha mdogo wake.

"Ubao wangu," alisema.

"Nenda kalale huko."

Wakacheka. Ilimuuma kucheka.

Jumapili, mchana mweupe, madirisha wazi, dada aliingia na mtoto begani, amelala fofofo.

"Na asante, mdogo wangu. Unajua mimi siwezi, naona kama nitamkata nyama."

"Kumkata nini?"

"Kucha."

Desimali alimtazama. Alikuwa bado hawezi kuinua mikono juu ya mabega. Nywele zake dada ndiye aliyezichana asubuhi ile.

"Dada, mimi sijaweza hata kufunga vifungo."

 Dada alimlaza mtoto katikati yao na kukifungua kiganja kimoja, kisha cha pili. Kucha kumi, fupi, za mviringo, hakuna iliyoparuza nyama. Kazi ya mkono uliozoea. Kwenye kitanda kidogo cha mtoto, chini ya mto, walikuta kipande cha kitambaa cha pamba kimekunjwa pembe nne. Desimali ndiye aliyekifungua. Vilikuwamo vipande vidogo vyeupe, vyembamba kama nywele, na kwa kuwa hakujua lingine la kufanya, alivihesabu. Kumi. Kumi na tano. Ishirini.

 Dada akaanza, taratibu, kumvua mtoto soksi.