Zimwi Lililoachwa na Panga Mkononi

Haya yalimkuta rafiki yangu Waridi, ambaye husimulia hadithi za kale kwenye ukumbi mmoja wa Kariakoo kabla igizo halijaanza. Leo ya Kimakua, kesho ya Kihindi.

Jumamosi moja mchana alikuwa amefika pale zimwi linapoinua panga juu ya shingo ya bibi harusi, ndipo Goodluck, msimamizi wa ukumbi, akamkatiza.

“Inatosha, dada. Watu wanataka igizo.”

“Niache nimalize, kaka. Kwetu Masasi zimwi haliachwi na panga mkononi.”

“Utalimalizia kesho.”

Watu wakacheka. Waridi akashuka.

Igizo lilipokwisha na watu kutawanyika, alirudi kuchukua kanga aliyoisahau. Umeme ulikuwa umekatika na mle ndani giza lilikuwa totoro. Kutoka jukwaani alisikia panga likitua kwenye kitu laini, likichomolewa, likitua tena. Goodluck alipiga yowe moja, kisha akawa anakoroma kama mbuzi aliyechinjwa.

Waridi akaanza kusimulia kilichobaki: bibi harusi akaponyoka, zimwi likatumbukia mtoni na panga lake, na hadithi ikaishia hapo.

Panga likanyamaza. Hakusikia tena kitu, isipokuwa matone yakidondoka karibu naye.

Umeme ukarudi. Goodluck alikuwa kifudifudi jukwaani, kichwa kimeshikiliwa na ngozi tu ya shingo. Nyayo za damu zilishuka ngazi, zikapita katikati ya viti, zikaishia mbele ya Waridi, vidole vikimwelekea yeye.

Hazikuwa zimerudi.